Fundi Aliyekataa Tundu

Kabla sijamsifu, niseme kosa langu kwanza, maana nikilificha nitakuwa namchora mtu mwingine. Wakati wa vita, mchana kweupe, mbele ya wauza petroli wa chupa na mama wa mandazi, nilimnyoshea kidole Fundi wa masanduku nikamwita mtu wa wauaji. Neno lile lilitembea mji wetu wote wa Bunia kabla ya jua kuzama. Nimekaa nalo miaka, nikitamani kulirudisha, na kila ninapomkumbuka yule mzee, hata nikiwa nacheka, lipo.

Kazi yake ilikuwa masanduku ya bafle za magari. Bafle, ndivyo tunavyoita spika huku kwetu Ituri. Ile kubwa ya sauti nzito, ambayo wengine wanaiita sabufa, haiwezi kuimba peke yake. Ukiishika mkononi ukaiwasha, inakohoa tu. Inataka nyumba. Fundi ndiye aliyezijengea nyumba bafle za mji wetu, na kwa muda wote niliomjua alikuwa na ugomvi mmoja na Bunia nzima: je, sanduku lifungwe pande zote, au litobolewe tundu?

Karakana yake ilikuwa mabati manne juu ya miti, kando ya barabara inayoelekea Shari. Ilinuka gundi na mbao za libuyu, mti mwekundu wa msituni. Siku ya kwanza nilifika na taksi yangu nyeupe, kifua mbele, nikamwambia nataka sanduku la tundu, lile linalotikisa vioo. Wakati ule abiria wa Bunia alikuwa anachagua taksi kwa masikio. Ukiwa huna muziki, unabaki stendi unahesabu inzi.

Hakuniangalia. Alikuwa anapiga randa.

"Gari gani?"

"Ile pale, Papa. Nyeupe."

"Barabara gani?"

"Ya Tchomia, kule ziwani. Naenda na watu, narudi na watu na samaki."

"Nyuma kunakaa nani?"

"Watu, Papa! Nani tena?"

"Watu gani? Mama na mutoto mugongoni? Muzee anaenda kwa daktari?" Ndipo akaweka randa chini. "Sikia, Shofa. Weye unataka tundu. Vumbi ya Tchomia nayo inataka tundu. Panya nayo inataka tundu, sababu atazalia humo. Sasa hii kazi namufanyia nani? Weye ao panya?"

Nilikasirika. Nilikuwa mteja, nina mkono mfukoni, na mtu ananiuliza habari za panya! Lakini niliondoka wiki iliyofuata na sanduku lililofungwa, dogo, zito, halina hata ufa wa kupitisha sindano. Nilimsema njia nzima. Kisha mama mmoja wa samaki, aliyekuwa akisinzia siti ya nyuma na mtoto wake, akaniambia: "Shofa, leo nimesikia maneno ya ule wimbo. Kumbe ulikuwa na maneno!" Nikaacha kumsema Fundi.

Maswali yake yalikuwa yale yale matatu kwa kila mtu. Gari gani, barabara gani, nyuma kunakaa nani. Hakuuliza unatoka mtaa gani wala baba yako nani. Mwanzoni hatukuona kama ni ajabu. Vita vilipoingia mjini, jina la ukoo likawa linatosha kumuua mtu kwenye kizuizi cha barabarani, na bado mzee aliuliza matatu yake tu. Watu wa pande zote walikaa kwenye benchi lake wakingoja gundi ikauke, magoti yanagusana, hawasemezani. Pale kwake hakuna aliyewahi kuinua mkono.

Alikuwa na namna yake ya kueleza. Sanduku lililofungwa, alisema, hewa yake iko ndani, haina pa kwenda, kwa hiyo inaishika bafle. Bafle ikienda mbele inavutwa, ikirudi nyuma inasukumwa, na sauti inakatika pale inapotakiwa kukatika. Sanduku la tundu linaiachia hewa itoke, nayo ikitoka inapiga kelele zake juu ya zile za bafle. Sauti inakuwa kubwa zaidi kwa batri ile ile, inafika mbali. "Inafika mbali sana," alikuwa akisema kwa dharau, "lakini inafika na neno moja tu. Vum. Kesho vum. Kesho kutwa vum. Mutu gani anasafiri na neno moja?"

Kulikuwa na aina ya tatu, sanduku la vyumba viwili, bafle imefichwa katikati. Hilo aliliita nyumba ya bibi wawili: unasikia kelele, haujui nani amesema. Na vijana waliofunga bafle juu ya ubao wa nyuma wa gari bila sanduku lolote, wakaiachia buti ndiyo iwe sanduku, aliwatikisia kichwa tu. "Huyo bafle yake inalala inje," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa.

Alipomaliza kuunga mbao, hakuamini macho wala vidole. Aliwasha mshumaa. Aliisukuma bafle polepole kwa kiganja huku akiupitisha mshumaa kwenye kila kiungo, na mahali ulimi wa moto ulipotikisika, alitia alama ya kalamu. Alichanganya gundi na unga wa mbao, akapaka kwa kidole gumba, akangoja, akawasha tena. Nimemwona akifanya hivyo mara nne kwa sanduku moja, mwenye gari anapiga honi barabarani, yeye hasikii. Mwisho aliingia garini mwenyewe, akakaa siti ya nyuma, akafumba macho, akasema: "Twende." Ulimwendesha hivyo mpaka sokoni na kurudi, kama askofu. Akifungua macho bila kusema kitu, ujue kazi imekwisha. Akisema "mm", ujue sanduku linarudi mezani.

Nyumbani kwake hakukuwa na redio. Mkewe, mama mnene mwenye kicheko kinachokutangulia kukusalimu, alituambia: "Huyu anajengea watu kelele, lakini hapa hataki hata kijiko igonge sahani!" Mzee alidai hapendi rumba, ni muziki wa walevi. Lakini ukiweka kaseti ukakosea kuiweka mwanzoni, alikuwa anakuambia gitaa la besi limeruka wapi. Alikuwa mchoyo wa maneno, mchoyo wa misumari, halafu anakunywa chai yenye sukari vijiko sita. Aliimba kanisani, na Mungu anisamehe, aliimba vibaya. Mtu aliyesikia ufa wa sindano kwenye mbao hakusikia kabisa kwamba anaimba nje ya wenzake.

Kitu kimoja hakuna aliyekibisha: mzee hakudanganya juu ya sanduku. Mchungaji mmoja alitengenezewa sanduku la pikapu ya injili, akalipa, akafurahi, akaenda. Siku kumi baadaye Fundi akamfuata kwa miguu, jua la saa saba, kumwambia amekosea kipimo. Mchungaji akasema, lakini Fundi, linaimba vizuri! "Linaimba vizuri sababu haujui lilipaswa kuimba namna gani," akajibu, akalibeba kichwani mpaka karakana, akalijenga upya bure. Baada ya hapo watu walimaliza mabishano kwa jina lake. Mkigombana juu ya batri au waya, mmoja akisema "Fundi amesema", basi, mmefunga mdomo.

Vita vilipozidi, magari yakawa machache na vifo vikawa vingi. Kazi ikageuka. Watu walianza kumletea vipimo vya maiti. Alitengeneza majeneza kwa mbao zile zile, na hakuweza kujizuia: aliyapaka gundi mara mbili, akapitisha mshumaa. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua, yanaingia ardhini. Akasema, "Mukono haijui kazi ingine." Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipouawa kwenye njia ya shamba, Fundi ndiye aliyemtengenezea. Alikataa malipo. Aliniuliza tu urefu wake, na nilipoinua mkono kumwonyesha, nikashindwa kuushusha, akaja akaushusha yeye.

Wiki mbili baada ya mazishi hayo ndipo nilipopita pale mchana, nikaona kitu mezani.

Kilikuwa sanduku kubwa, nusu ya meza. Kwenye uso wake, kando ya mahali pa bafle, palikuwa na tundu la upana wa paja langu, na ndani ya tundu bomba la plastiki. Mzee alikuwa anasugua kingo zake kwa msasa, taratibu, vile vile alivyozoea. Nje palisimama pikapu ya wale wenye silaha ambayo kila mtu Bunia aliijua, na vijana wawili wamelala kwenye bodi, bunduki kifuani.

"Papa," nikasema, "hii ya nani?"

"Ya wale."

"Ya tundu?"

"Walitaka tundu."

Sijui kama ilikuwa hasira au kilio. Nilijua tu kwamba wale, au wenzao, walikuwa wamemkata shemeji yangu, na mikono iliyomfungia jeneza sasa inawapambia gari. Na mimi je? Mimi nililiomba tundu siku ya kwanza, nikaambiwa habari za panya! Nilipiga kelele. Nilisema yeye ni mtu wa wauaji, anakula nao, anawajengea ngoma ya kuchezea juu ya maiti zetu. Mama wa mandazi akaacha mafuta yake yakaungua. Vijana kwenye pikapu waliinua vichwa, wakacheka, wakalala tena.

Fundi alipuliza unga wa mbao kutoka kwenye lile tundu. Kisha akasema polepole, "Shofa, enda nyumbani."

Mji ulilipokea neno langu haraka, kwa sababu mji ulikuwa na hofu na ulitaka mtu wa kumchukia asiye na bunduki. Benchi lake likabaki tupu. Mchungaji akapeleka pikapu yake kwa mwingine. Bombani, wanawake waliondoa ndoo zao mkewe alipofika, na wakaita kwa sauti, "Mama wa wauaji, chota!" Niliyasikia hayo na, niseme ukweli, sikuona vibaya. Nilijiona mwanaume.

Haukupita mwezi, nikakwama Tchomia. Nilikuwa nimepeleka watu wanaokimbilia ziwani, njia ikafungwa nyuma yangu, nikalala garini siku tisa nikinuka samaki, sijui kama nyumba yangu bado ipo. Nyumbani mimi na mke wangu tulikuwa na wasichana wawili, mmoja wa miaka kumi na mitano, mwingine kumi na mitatu. Kila mzazi wa Ituri anajua kilichowapata wasichana siku zile, sina haja ya kukiandika. Niliporudi, nilimkuta mke wangu anapepeta mchele uani, na wasichana wote wawili wanagombania kitana. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi.

"Walikuja," mke wangu akasema. "Mara tatu."

"Na nyinyi?"

"Tuliwasikia. Gari yao ikiwa bado kule ngambo, masufuria ilianza kutetemeka. Vum, vum. Siye wamama tulikuwa tunajua tayari. Unashika mutoto, unapita nyuma ya choo, unashuka bondeni. Walipofika, walikuta kuku tu. Mutaa muzima, Baba, hawakukuta mutu."

Nilimuuliza, huku najua jibu, ni gari lipi. Akanitazama. "Ile ya muziki ya Fundi," akasema.

Sikunywa hata maji. Nilikwenda mbio mpaka barabara ya Shari. Mabati manne yalikuwepo, meza haikuwepo. Mama wa mandazi akaniambia mzee na mkewe waliondoka siku tano nyuma, kwa miguu, na sanduku la zana kichwani, na hakuna aliyewauliza wanaelekea wapi. Alinijibu bila kuniangalia, maana na yeye alikuwa ameacha kumuuzia.

Tangu siku ile nilibeba hadithi yangu tayari. Mzee alikuwa na akili kutushinda wote: alijua tundu linapeleka sauti mbali, akawajengea wauaji kengele ya kututahadharisha, akala matusi yetu kimyakimya. Niliisimulia kwa abiria, watu wakalia. Nilijiambia nikimkuta, nitamwambia hivyo, naye atafurahi, na neno langu litafutika.

Nilimkuta Tchomia, amani ilipokuwa imerudi kiasi cha kuzoeleka. Mwanamke niliyekuwa nikinunua kwake samaki wa moshi alilalamika kwamba fundi wake wa mlango hamalizi kazi, anapitisha mshumaa kwenye mbao kila siku. Niliacha samaki kwenye mizani.

Alikuwa amekonda, nywele zote nyeupe, ameinama juu ya mlango kando ya vichanja vya kukaushia samaki. Aliinua kichwa.

"Shofa," akasema. "Tumbo ilienda wapi?"

"Vita ilikula, Papa."

"Ilikula muzuri. Kaa."

Sikukaa. Nilimmwagia hadithi yangu nzima, wasichana wangu, masufuria, bonde, vile alivyowazidi akili wale watu kwa tundu moja. Nilisema anastahili kuandikwa. Alisikiliza huku anakunja uso, mpaka akainua mkono wenye gundi.

"Hapana. Hiyo sifa si yangu, usinipe. Walinitia bunduki hapa," akagusa shavu. "Walisema tundu, nikatoboa tundu. Wangesema kumi, ningetoboa kumi. Niliogopa, Shofa. Sikufikiri mutu. Sikufikiri watoto yako."

Hadithi yangu ya miaka ilikuwa imevunjika mikononi mwake kwa dakika moja.

"Lakini walirudi," akasema.

Alirudia kupiga msasa kidogo, akaacha.

"Walisema, kila fasi tunafika, watu wamekwisha kimbia. Wanatusikia. Funga hii tundu, fanya sauti ikae ndani. Hapo sasa nilifikiri. Nikawaambia, nikifunga, bafle itaungua siku mbili. Nikawaambia sanduku ya kufunga haifai kwa barabara mubaya." Alisema hayo akitazama chini, kama mtu anayeungama uzinzi. "Miye, Shofa. Kwa kinywa yangu. Sanduku moja tu katika maisha yangu nilidanganyia mutu, ni ile."

"Na waliamini?"

"Mukubwa wao hakutaka kuamini. Aliuliza vijana, huyu muzee ni mutu gani? Mumoja alisema, huyu ni mutu yetu, mukubwa, hata hapa wanamuita vile. Kuko shofa alimutukana mbele ya watu wote, siye tulikuwa pale tunasikia. Basi mukubwa akacheka, wakaenda na tundu yao. Miye na mama tukakimbia kabla hawajapata fundi mwingine wa kuwaambia ukweli."

Mungu anisamehe, nilianza kutabasamu. Nilihisi mzigo wa miaka unashuka mgongoni. Nikasema, "Basi, Papa, kumbe hata lile neno langu lilisaidia."

"Lilisaidia," akasema. "Kama haungesema, wangenipiga risasi."

Akaweka msasa juu ya mlango.

"Na liliniuma. Wale waliniita mutu yao, nikaona haya kidogo. Weye uliniita mutu yao, nikashindwa kula. Kusaidia, lilisaidia. Lakini weye hukulisema ili lisaidie."

Nilivua kofia, nikaishika kwa mikono miwili. Nilisema, "Nisamehe, Papa. Nilikukosea." Nilisema kwa sauti ya chini, kwa sababu wanawake wa samaki walikuwa karibu.

Aliitikia kwa kichwa.

"Ngoja," akasema. Akageukia nyumba. "Mama! Njo hapa. Njo usikie."

Mkewe alitoka, mikono imejaa unga, amepungua mwili. Alinitambua pale mlangoni. Hakucheka. Wanawake kwenye vichanja waliacha kugeuza samaki wakatutazama, na mimi nikageuka kuwaelekea wote, watu wasionijua, nikasema kwa nguvu kwamba mimi ni shofa wa Bunia, kwamba nilimsingizia mzee huyu mbele ya watu, nikamwita mtu wa wauaji, na haikuwa kweli, na mke wake alitukanwa bombani kwa sababu yangu.

Mama akapangusa mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole.

"Tena," akasema.

Nikasema tena.